Kitovu cha Kitambaa

Haya aliniambia wifi yangu, asubuhi tulipokuwa tunakunja nguo za mjukuu wake, naye aliyapata kwa bi harusi mwenyewe.

Kulikuwa na fundi cherehani waliyemwita Mama Pini, maana mdomo wake haukukosa pini. Hata salamu aliitikia kwa meno. Alasiri hiyo alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya kitambaa cheupe cha mraba. Marehemu mama wa bi harusi alikinunua binti akiwa bado anamfika kiunoni, akasema, "Hiki atakivaa siku yake." Cha pili hakipo. Na harusi ni kesho.

Binti alitaka sketi ya duara, ifike chini. Mama Pini akakikunja kitambaa tabaka nne, akafunga chaki kwenye kamba, akazungusha, akapima. Sketi ingeishia magotini! Binti alikuwa amerefuka kama mlingoti, kitambaa hakikumngoja.

"Kata tu," alisema shangazi mtu, kasimama mlangoni. "Magoti hayamuumi mtu."

"Shangazi, mama hakuniachia leso."

Vidole vya Mama Pini vilikuwa vinateleza kwa jasho kwenye mkasi. Kitambaa kikishakatwa hakina toba. Akakikunjua chote.

"Shika kitovu," akamwambia binti, pini mdomoni.

Binti akashika tumbo lake.

"Cha kitambaa, we mtoto!"

Kwa fundi, kitovu ni pale katikati ambapo kamba inazungukia. Binti angejuaje? Akashika kona iliyokuwa karibu naye, akabana ncha ya kamba hapo. Mama Pini, kichwa chini, akavuta. Kamba ikaenda, ikaenda, mpaka kona ya pili. Akainua uso afoke. Badala ya kufoka, akatema pini zote kiganjani.

"Usiachie hapo."

Nani alisema kitovu lazima kikae katikati? Kikikaa konani, utapata robo tu ya duara, lakini robo ndefu. Ila kiuno sasa! Robo hiyo peke yake ndiyo imzunguke mtu mzima, kwa hiyo ile kamba fupi ya kuchorea kiuno lazima irefuke mara nne, la sivyo sketi itamtosha kuku. Akapima kamba fupi mara nne, akachora. Akarudia tena.

"Umekosea?" shangazi akauliza.

"Dada, nyamaza."

Mkasi ukauma. Chumbani kukasikika kitambaa kikikatika tu. Akaziunganisha kingo mbili kwa pini, akamvisha binti. Kiuno kikakaa. Pindo likashuka, likashuka, likagusa vifundo vya miguu.

Shangazi akakaa chini puu. "Wifi yangu alijua kununua," akasema, machozi yakamtoka.

Giza lilipoingia sketi ilikuwa imeshonwa, imetundikwa ukutani. Binti akalala, shangazi akaanza kukoroma. Mama Pini akazichomeka pini zake kwenye kimto chake cha pini, moja moja, akajinyoosha kando ya cherehani, na usingizi ukamchukua kamba ikiwa bado imezunguka kidole.