Soksi za Kubana za Datang

Asubuhi ile mnunuzi wa Marekani aliandika kwamba ushuru mpya umemshinda, mzigo hauchukui tena. Shou Yuefen alizizima mashine za kufuma mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi kiwanda kizima kikawa kimya. Datang, nchini China, ni mji wa soksi; ukimya wa namna ile uliwatoa majirani nje kuja kuuliza nani amefariki.

Mdogo wake Guoliang, mbia wake kiwandani, alikuja na dawa yake ya tatizo hilo mezani.

"Dada, tuhamie Kambodia," alisema huku akijipakulia nyama na mboga kavu. "Kule mishahara ni midogo na ushuru ni nafuu. Hapa vijana hawataki kiwanda, na watoto hawazaliwi. Kesho nchi hii itakuwa ya wazee watupu. Utamuuzia nani?"

"Kwani wazee hawana miguu?"

Guoliang alicheka hadi akapaliwa. Lakini Yuefen hakuwa anatania. Kila jioni alicheza dansi uwanjani na wanawake wa rika lake na waliomzidi, na muziki ukizimwa tu, wote walikaa chini wakikanda miguu. Walikuwa wamesimama mbele ya mashine ujana wao wote. Sasa miguu inavimba, mishipa imetutumka kama minyoo. Soksi za kubana alizoandika daktari zilitoka ng'ambo, na bei yake haishikiki.

Akawasha mashine moja. Alitaka soksi inayokaza kifundoni na kulegea kidogo kidogo kuelekea gotini. Za kwanza aliwapelekea wenzake uwanjani.

"Yuefen, umetufunga kama wali kwenye majani," alisema Bibi Xuan, mkubwa wao kwa umri, akihangaika kuivuta. "Hii ni soksi au pingu za polisi?"

"Vumilia, Bibi. Nitairekebisha."

"Rekebisha upesi. Nikifa nayo mguuni, hakuna wa kuivua."

Za pili zilishuka zenyewe katikati ya dansi, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Yuefen alicheka nao, akazikusanya, akarudi kiwandani kubadili uzi na lastiki. Majira yote ya joto yalimpita hivyo. Mwishowe Guoliang alichoka kumngoja. Wakagawana mashine bila ugomvi. Akapakia zake, akaenda Kambodia.

"Ukikwama, nipigie," alimwambia dada yake.

"Wewe pia."

Siku moja ya vuli Bibi Xuan alicheza hadi wimbo wa mwisho. Wenzake walipokaa, yeye alibaki amesimama, akainua suruali kidogo na kuutazama mguu wake kama mtu aliyeletewa mgeni.

"Haujavimba," alisema polepole. "Yuefen, njoo uushike."

Yuefen alipiga magoti akaushika. Miaka yote ameivalisha miguu ya watu asiowajua wala hatawaona. Huu ulikuwa mguu wa jirani yake, na umetulia mkononi mwake.

Hospitali ya wilaya ilizipima soksi zile, ikaziagiza. Nyumba za kutunzia wazee zikafuata, kisha jiji la Hangzhou, kisha miji ambayo Yuefen aliisikia kwenye habari tu. Mashine zote alizobaki nazo zikarudi kunguruma, na akanunua nyingine. Mnunuzi wa Japani alipoomba bei ishushwe kwa kuwa ni bidhaa ya China, Yuefen alimjibu kwa adabu kwamba ndiyo, ni ya China, na bei ni hiyo. Mjapani akaagiza.

Kisha Guoliang akapiga simu kutoka Kambodia. Kiwanda kinakwenda vizuri, alisema, ila mabinti wa kiwandani kwake wanasimama kutwa na miguu inawauma.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitumie makatoni mawili ya soksi zako. Kwa bei ya ndugu."

"Ndugu analipa kama wengine. Wewe ukija, nitakunywesha chai nzuri."

"Dada, una roho ngumu."

"Nina kiwanda," alisema Yuefen. Alikata simu, akatoka nje kuwasimamia vijana waliokuwa wakipakia lori. Alisimama pale langoni mwa kiwanda, kidevu juu, mpaka lori likaingia barabara kuu.