Bwana Akiba

Pale kituo cha simu za dharura fundi wa mitambo walimwita Bwana Akiba, na jina alijitafutia mwenyewe. Hapakuwa na kikao asimohubiri kuhifadhi mafaili. Juu ya meza yake alibandika karatasi: AKIBA HAIOZI. Siku hiyo akiba yake ilikuwa tupu kama gunia lililotobolewa na panya.

Saa tatu na nusu asubuhi, swichi kubwa inayopitisha simu zote za kituo ilizima kwa joto, feni yake imekufa. Hakubabaika. Alifunga swichi mpya, akaipa jina lile lile la zamani, akasema mpangilio wake, yale maelekezo ya simu ipi iende meza ipi, ataurudisha akishakaza nyaya. Nyaya zikamchelewesha. Saa nne kamili, programu aliyoitega mwenyewe ikafanya kazi yake ya kila saa: ikanakili mpangilio wa swichi yenye jina hilo, ikafuta nakala ya nyuma. Swichi mpya haikuwa na kitu, nayo programu ikahifadhi hicho hicho. Nakala ilikuwa moja tu, maana ni yeye aliyedai nyingi zinajaza diski bure.

"Maana yake nini, mwanangu?" akauliza msimamizi wa zamu, mama wa makamo.

"Maana yake nimejichimbia kaburi, mama."

Meza sita za wapokeaji zilikuwa kimya, na huko nje watu walikuwa wanapiga. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa. Wakati anatoka nyumbani alimwambia: "Uchungu ukianza usihangaike na mimi, chumba cha mitambo hakina mtandao. Piga dharura. Ndiyo kazi yetu." Aliyasema kwa kujidai.

Ikabaki swichi mfu. Aliitoa kwenye boksi la vyuma chakavu, akaiunganisha na kompyuta yake. Iliwaka. Mpangilio ulikuwa bado ndani, kurasa tano, zikaanza kupanda kwenye kioo cha kompyuta moja moja. Ukurasa wa pili, swichi ikazima tena kwa joto, kioo kikawa cheusi.

"Maji baridi," akasema. "Yote yaliyomo kwenye friji."

Msimamizi alileta chupa akazifunga kwa mtandio wake, wakazilaza juu ya bati la swichi. Wakangoja ipoe. Dakika kumi za kungoja, na yeye hana la kufanya ila kuitazama. Alitaka kulia na hakuona aibu. Walipowasha tena walipata kurasa nne. Wa tano ndio wenye laini za nje, na bila huo meza zingepigiana zenyewe kwa zenyewe.

"Mara ya tatu ikikataa?"

"Usiniulize hilo, mama."

Mara ya tatu ilitoa harufu ya plastiki inayoungua. Msimamizi akapepea kwa jalada la faili, jasho likimtiririka. Ukurasa wa tano ukapanda, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho. Kisha swichi ikafa, safari hii moja kwa moja.

Akaurudisha mpangilio kwenye swichi mpya. Meza ya tatu ikalia, halafu zote. Kabla ya kuinuka alihifadhi: ndani ya swichi, kwenye kompyuta, kwenye flashi, kila nakala na jina lake na saa yake.

Alipotoka nje ya chumba cha mitambo, simu yake ikashika mtandao. Mkewe alikuwa amempigia mara tisa. Akapiga, na aliyepokea alikuwa jirani.

"Mtoto kafika, mzima. Ila mama yake anatoka damu, haikatiki. Tangu saa nne tunapiga hiyo dharura yenu. Kwani huko hakuna watu?"

Nyuma ya sauti ya jirani kichanga kilikuwa kinalia. Hakumsikia mkewe.

Akamgeukia mpokeaji wa meza ya tatu, akamtajia mtaa na nyumba, neno kwa neno, mpaka akaona gari limetumwa.

"Tupo," akamwambia jirani. "Gari linakuja. Mwekee simu sikioni."

Akasikia pumzi, nyepesi.

"Mke wangu," akasema, "simu nilizizima mimi."