Vipimo vya Bi Kalamu

Mgonjwa aliyeletwa wodi ya mifupa asubuhi ile alikuwa mama mnene wa miaka sabini na kitu. Alikuwa ameteleza bafuni kwake, akavunjika nyonga, akalala sakafuni saa kadhaa kabla jirani hajamsikia. Wahudumu walipokuwa wanamhamisha kutoka kwenye machela, akafoka: "Polepole, nyie! Mimi si gunia!"

Kitinda, muuguzi aliyekuwa anapanga dawa kwenye kigari mwisho wa wodi, alisikia sauti hiyo, akaacha kuhesabu vidonge. Hakuhitaji kuona uso. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa akiikumbuka.

Aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yake. Alipokuwa na miaka kumi na saba, mama huyo alipooza upande mmoja, akalazwa katika hospitali hii hii, wodi ya wanawake. Msimamizi wa wodi alikuwa huyu aliyeletwa leo. Wauguzi wenzake walimwita Bi Kalamu kichinichini, maana kalamu yake ilifanya kazi kuliko mikono yake. Alikuwa anakaa mezani na rundo la chati za wagonjwa, anazijaza zote bila kuinua makalio kwenye kiti: mapigo sabini na mbili, pumzi kumi na nane, joto thelathini na sita nukta nane, ngozi nzima. Ungesoma chati zile ungedhani wodi nzima ina moyo mmoja.

Kitinda aliruhusiwa kuingia saa za kutazama wagonjwa tu. Kila siku alimkuta mama yake amelala chali vile vile alivyomwacha jana. Siku ya tisa alisikia harufu. Siku ya kumi na moja mhudumu mmoja mwenye huruma alimsaidia kumgeuza, na hapo chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, palikuwa na kidonda ambacho ngumi ya mtu ingeingia. Kabla ya wiki kwisha mama alikuwa amekufa.

Mjomba, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja juu. Akataka aelezwe. Bi Kalamu akafungua chati mbele yake, taratibu, ukurasa kwa ukurasa. "Soma mwenyewe. Vipimo vyote vimeandikwa. Ngozi nzima. Nilimwonyesha binti yenu namna ya kumgeuza mama yake, akawa anakuja hapa kusinzia. Sasa mimi nifanyeje?"

Mjomba alimgeukia Kitinda. "Kumbe dada yangu ameozea mikononi mwako."

Neno hilo halikubaki wodini. Lilifika kwa mama wadogo, kwa binamu, kwa majirani. Kitinda alipoolewa, mjomba hakukanyaga harusini. Watu walipomwona anasomea uuguzi walisema ana wito. Hakuwa na wito wowote, alikuwa na hasira. Alitaka kujua kila kitu ambacho mama yake hakufanyiwa, na alipoajiriwa hapa akakuta Bi Kalamu ameshastaafu na picha yake imetundikwa ofisini, anatabasamu, imeandikwa chini: Muuguzi wa Mfano.

"Kitanda cha nane nachukua mimi," alimwambia mwenzake wa zamu, ambaye wote walimwita Mama Pacha.

"Hee! Yule mwenye mdomo? Leo umeamkia ubavu gani?"

"Niachie tu."

Akaenda na chati yake. Akasimama miguuni pa kitanda. Hakuleta kipimajoto wala mashine ya presha. Akafungua kalamu, akamtazama mgonjwa machoni, akaandika.

"We binti," alisema Bi Kalamu. "Mbona hujanishika?"

"Nimeshamaliza, bibi."

"Umemaliza nini? Hata kidole hujanigusa!"

Kitinda akamsomea bila haraka. "Mapigo sabini na mbili. Pumzi kumi na nane. Joto thelathini na sita nukta nane. Ngozi nzima. Si ndivyo ulivyokuwa unaandika?"

Yule mama akainua kichwa. Macho yake yalitembea usoni pa Kitinda, yakitafuta. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mwanamke wa kitanda cha dirishani. Aliyepooza."

"Walikuwa wengi."

"Yule aliyeoza."

Hapo hofu ikaingia usoni pa Bi Kalamu, na Kitinda akaiona inaingia. Utamu wake ulimpanda mpaka kwenye meno. Alirudi saa nne, akarudi saa nane, na mara zote alisimama pale pale, akaandika vile vile. Daktari alipopita, mgonjwa alimdaka kwa maneno. "Huyu hanipimi! Anaandika uongo! Mimi nimekuwa muuguzi miaka thelathini, najua!"

Daktari akatazama chati. "Mama, mbona vipimo vyako vizuri kabisa? Hivi hapa." Akampigapiga begani, akaenda kitanda cha tisa.

Kitinda akairudisha chati mahali pake. Alitaka amwone Bi Kalamu akijifunza jinsi inavyokuwa karatasi inapoaminiwa na mdomo wako usiaminiwe. Siku ile alirudi nyumbani, akala akashiba, akalala usingizi wa mtoto. Zamu iliyompokea nayo ilipita vitanda ikanakili namba zake, maana zilikuwa nzuri na watu walikuwa wachache.

Kesho yake alifika akiwa tayari kuendelea. Lakini hakukuwa na mtu wa kufoka. Bi Kalamu alikuwa kimya, midomo imekauka, macho yamefunguka nusu. Kitinda alisimama miguuni pa kitanda, na kabla hajayakataza, macho yake mwenyewe yalikuwa yameshaanza kuhesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Alikasirika nayo. Yalihesabu hata hivyo. Ishirini na nane kwa dakika.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Kumi na nane, aliiambia. Andika kumi na nane.

Kisha akawaza mazishi. Akifa leo, picha ya ofisini itawekwa maua. Watasema hapakuwa na muuguzi kama yeye. Mjomba atakuwa hai na neno lake mdomoni, na chati hii itakuwa safi kama ile ya kwanza. Atakwenda na kila kitu, na mimi nitabaki na jina langu la muuaji.

"Hufi," Kitinda alimwambia kwa sauti ya chini, akitupa kalamu mezani. "Umenisikia? Hufi mpaka useme."

Akamshika mkono. Ngozi ilikuwa ya moto. Mapigo mia moja kumi na nane, mepesi, yanakimbia chini ya kidole kama yanataka kutoroka. Hakuachia mkono, akahesabu tena pumzi huku mgonjwa akidhani bado anahesabiwa mapigo, asije akaibadilisha. Ishirini na nane, ni kweli. Joto thelathini na nane nukta tisa. Presha tisini na nne kwa hamsini na nane. Akaminya ukucha, rangi ikachelewa kurudi. Akabana ngozi chini ya mtulinga, nayo ikabaki imesimama kidogo kabla ya kulala. Aliposikiliza mapafu, upande wa chini yalikuwa yanakwaruza kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio.

"Mama Pacha! Njoo tumgeuze!"

Walimgeuza kwa uangalifu, mto katikati ya miguu ili nyonga isicheze. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, na kwenye ngozi nyeusi wekundu haukupungii mkono. Kwa hiyo Kitinda hakutegemea macho. Alipitisha mgongo wa kiganja chake taratibu, kutoka mabegani kushuka. Chini kabisa, juu ya makalio, mkono ukasimama. Hapo palikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, cha moto kuliko kwingine, kigumu, rangi yake imekolea kuelekea zambarau. Akabonyeza kidole, akaachia. Hakuna kilichobadilika. Kisigino cha kushoto nacho kilikuwa kimeanza kuvimba lengelenge.

Ilikuwa mahali pale pale pa mama yake. Kitinda alivuta pumzi kwa mdomo mpaka kichwa kikatulia.

"Hiki kimeanza lini?" aliuliza Mama Pacha. "Jana umeandika ngozi nzima."

"Jana sikumgusa."

Daktari alipokuja mbio, Kitinda alirudia maneno hayo hayo mbele ya wote. "Daktari, vipimo vya jana usivitegemee hata kimoja. Niliviandika bila kumpima. Sijui homa imeanza lini."

Daktari alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Halafu akageukia mgonjwa, maana hapakuwa na muda: oksijeni, dripu, dawa za kuua vijidudu, picha ya kifua. Kitinda alifanya kila alichoagizwa. Alimgeuza Bi Kalamu kila saa mbili kwa saa iliyoning'inia ukutani, na kila mara alimnong'oneza sikioni: "Bado hujasema."

Mchana uongozi ulimwita. Aliandika barua ya kukiri kwa mkono wake, akasimamishwa kazi.

Siku ya tano, saa ya kutazama wagonjwa, alirudi wodini na nguo za nyumbani. Nyuma yake alikuja mjomba, mzee sasa, kofia mkononi, amenuna. Kitinda alikuwa amempigia simu: "Mjomba, yule muuguzi aliyekuambia nimemuua mama yupo. Njoo umsikie tena." Mzee alikuja kwa udadisi zaidi kuliko mapenzi.

Bi Kalamu alikuwa amepata nafuu. Amelazwa ubavu, mto mgongoni. Alipowaona, akafumba macho.

"Fumbua," alisema Kitinda. "Unamkumbuka huyu?"

"Sikumbuki. Ni miaka mingi, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Mimi nimekudhulumu siku moja, na nimeandika barua, nimetia sahihi. Wewe umenidhulumu miaka ishirini na moja. Mwambie."

"Nisiposema utanifanya nini? Utakuja kuniua?"

"Sina kazi hapa tena, siwezi hata kukushika. Nitakaa kwenye hiki kiti kila siku saa ya kutazama wagonjwa, mpaka utoke. Na ukitoka napajua kwako."

Mgonjwa wa kitanda cha tisa aliacha kutafuna. Bi Kalamu alihamishia macho ukutani. Alipoongea, sauti yake haikuwa ile ya kufoka.

"Sikuwahi kumgeuza. Wala sikumwonyesha huyu mtoto chochote. Nilijaza karatasi mezani. Tulikuwa wauguzi wawili, wagonjwa thelathini na…"

"Sikukuuliza idadi," alisema Kitinda. "Nani alimuua mama yangu?"

"Mimi."

Mjomba alikalia kitanda cha jirani, kilichokuwa kitupu. Kofia ilimdondoka. Akanyoosha mkono kumshika mpwa wake. "Kitinda… mwanangu…"

Kitinda akarudi nyuma hatua moja. "Usinilie mimi. Nenda ukamlilie kila uliyemwambia. Mama mdogo wa kwanza, mama mdogo wa mwisho, binamu zangu wote. Nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wako. Usipige simu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi?" aliuliza Bi Kalamu. "Umenisamehe?"

"Hapana," alisema Kitinda, akachukua mkoba wake.

Kwenye kikao cha nidhamu walimuuliza kama angerudia. Alisema kumwacha mtu bila kumpima, hapana, hilo litamwandama mpaka kaburini; kumlazimisha yule mama aseme, hata kesho. Walimpa miezi mitatu bila kazi, kisha wakampeleka kliniki ya watoto, kupima uzito. Hakukata rufaa. Bi Kalamu alifanyiwa upasuaji, akatoka anatembea kwa kujikongoja, na kidonda hakikuwahi kufunguka. Mama Pacha alisema picha ya ofisini imeshushwa, ila hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyeishusha.

Mama mdogo wa kwanza alipiga simu wiki ile ile mjomba alipoanza kuzunguka, analia hata maneno hayasikiki. Wa pili alikuja mwenyewe. Kitinda alikuwa akidhani siku hiyo itamfanya aruke kwa furaha. Badala yake alisikia uchovu, kama mtu aliyetua mzigo ndipo mabega yakaanza kuuma.

Mjomba alimaliza nyumba zote kwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini alionekana nje ya geti la Kitinda, asubuhi, vumbi miguuni. Akabisha hodi. Kitinda alikuwa uani na beseni la nguo. Alimwona. Aliendelea kukamua na kuanika, shati kwa shati, mpaka soksi ya mwisho, na mzee akasimama juani bila kubisha tena. Ndipo akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kumfungulia.