Ruhusa ya Siku Tatu

Jumamosi ile kabla ya Krismasi ya mwaka sabini na nne, Bwana Alphonce alipakia kwenye Landrova masanduku mawili, debe la asali, kuku wanne waliofungwa miguu, pamoja na watoto wake watatu, kisha akabandika karatasi kwenye mlango wa jiko. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa ofisini kwake. Ilisema Popi anywe maziwa ya vuguvugu asubuhi na jioni, ale nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi, alale ndani, asitolewe nje ya ua, kwa kuwa mbwa wa mtaani wana kupe, na asiachwe peke yake hata kwa saa moja, kwa kuwa akiachwa hulia. Chini palikuwa na saini yake, ile yenye mkia mrefu.

Popi alikuwa mbwa mdogo mweupe wa kubebeka kwapani. Hakuwa na kosa lolote.

Selina, mpishi wa nyumba ile, alikuwa akiomba ruhusa tangu mwezi wa kumi na moja. Mama yake, Magdalena, alikuwa anaumwa kifua kule Ilongero, na kwa lori kutoka hapo Singida Mjini unafika siku hiyohiyo. Alimwomba kwanza mke wa Bwana, akaambiwa amwulize Bwana mwenyewe. Ofisini mzee huyo aliitwa Ndugu Alphonce, na ole wake ambaye angemwita vinginevyo. Nyumbani aliitwa Bwana.

"Mama yako ana watu," Bwana alimjibu, huku anafunga kamba ya masanduku. "Ana kijiji kizima. Popi ana nani?"

Landrova ikashika njia ya Arusha, kwa wakwe, na Popi akaanza kulia kabla vumbi halijatua.

Hicho kijiji kizima Bwana alikijua vizuri, maana ni yeye aliyekipanga. Mwezi wa nane malori ya serikali yalikuja kuwahamishia watu vijijini, tembe la Magdalena likang'olewa paa mchana kweupe ili asiwe na pa kurudi, naye akashushwa na kinu chake kwenye mstari wa tatu, kiwanja cha kumi na moja, ajenge nyumba ya nyasi. Jiwe la kusagia lilisahaulika. Kikohozi kilimwanza kwenye nyasi zile.

Jumanne, siku ya mkesha, saa kumi jioni, Selina alikuwa anapoza maziwa ya Popi aliposikia hodi mlango wa nyuma. Alikuwa mama yake. Amevaa kitenge chake cha kanisani, na miguu yake ilikuwa safi ingawa njia ilikuwa tope tupu. Kile kikohozi kilikuwa kimekwisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefariki leo alfajiri." Magdalena aliketi kwenye kigoda, akavuta pumzi kwa mazoea. "Ningefika mapema, ila nilipita kwanza nyumbani kule kwa zamani. Lile jiwe bado lipo. Mvua inalinyeshea."

Selina alimpa pole ya msiba, naye mama akampa pole vilevile, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefiwa. Kisha Selina akalia, na hakulia kwa adabu. Alilia kwa hasira, mwiko mkononi, mpaka Popi akanyamaza kumsikiliza.

"Wanakungoja," mama alisema alipoona ametulia. Kwao mzazi hafukiwi mpaka mtoto wake wa kwanza atupe udongo, na Selina ndiye aliyekuwa wa kwanza. "Nenda ukanizike."

"Na mbwa je, mama? Nikitoka, kazi sina."

"Sasa unafikiri nimekuja kufanya nini? Mbwa nitakaa naye mimi."

Magdalena akatoa barua kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa imeandikwa na balozi wa nyumba kumi, Mzee Mughwai, kwa kalamu ya risasi: *Mtajwa hapo juu amefariki. Anaruhusiwa kutoka kijijini kwenda Singida Mjini kwa siku tatu, kwa shughuli za kifamilia. Asisumbuliwe njiani.* Selina aliisoma mara mbili. Mara tatu mama yake alikuwa ameomba barua ya namna hiyohiyo ili aende hospitali, na mara tatu alinyimwa.

Alipanda lori la ushirika lililokuwa linarudi na magunia matupu, akafika kabla ya giza. Walimzika Magdalena Krismasi yenyewe, baada ya ibada, mwisho wa mstari wa tatu. Watu wa ukoo walitaka azikwe kwenye mahame yake, karibu na mumewe, ila kule kulikuwa kumepigwa marufuku hata kwa marehemu. Maiti ilikuwa nyepesi, na waliobeba hawakulisema hilo, kwa kuwa walijua mwenyewe yuko safarini.

"Mama hajambo?" majirani walimwuliza Selina walipomaliza kumpa pole.

"Hajambo. Yuko na mbwa."

"Huyo mbwa anakula nini?"

"Maziwa. Na nyama."

Walitikisa vichwa, wakarudi kwenye ugali wao wa yanga, ule unga wa msaada uliokuja kwa meli, na ambao kijiji kizima kiliula siku ile bila mboga. Selina alitupa udongo wake. Kisha akamfuata Mzee Mughwai mpaka mlangoni kwake, akamwamkia kwanza, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Mzee, alipokuwa hai mbona hukumwandikia?"

Mughwai hakuwa mtu mbaya. Aliingia ndani akatoka na waraka uliokuwa ukining'inia kwenye msumari. Ulisema kwamba msimu wa kupanda, nguvu kazi yoyote isitoke kijijini kwa sababu yoyote.

"Alipokuwa hai alikuwa nguvu kazi," alisema. "Alfajiri aliponijia nikaona kizuizi kimeondoka. Nikamwandikia palepale, binti yangu, hata chai sikunywa."

Selina aliangalia chini ya waraka. Saini ilikuwa na mkia mrefu.

Alirudi mjini kesho yake na hasira yake kifuani, haijapata pa kutulia. Jikoni alimkuta Popi amelala juu ya miguu ya mama yake, ameshiba, macho nusu. Tangu Selina aondoke hakuwa amelia hata mara moja. Magdalena alikuwa amemchemshia nyama kama karatasi ilivyosema, na yeye mwenyewe hakuionja, kwanza kwa kuwa alikuwa amekufa, pili kwa kuwa haikuwa yake.

"Umenizika vizuri?"

"Vizuri, mama. Lakini mstari wa tatu."

"Basi." Alimkuna Popi sikio. "Kesho barua inaisha. Nitapita nyumbani nikae na lile jiwe mchana mmoja, halafu niende kulala. Nimechoka, Selina. Sijawahi kuchoka hivi."

Kesho yake alikuwa amekwisha kufunga kitenge, na Selina anamsindikiza, Landrova ilipoingia uani. Bwana alishuka, akampungia Popi, kisha akamtazama yule mama miguuni, ambapo hapakuwa na kivuli.

"Huyu ana kibali?"

Selina alimpa barua. Bwana aliisoma kwa makini, akaona ni halali. Mkewe alimnyanyua Popi, akamtomasa mbavu, akasema mbwa amenenepa. Watoto walirudi kutoka uzioni wakasema hakuna hata jirani mmoja aliyelalamikia kelele za mbwa. Bwana akafikiri kidogo. Halafu akaweka barua juu ya boneti, akatoa kalamu, akakata maneno "siku tatu", akaandika juu yake: *mpaka itakapoamuliwa vinginevyo*. Akasaini.

"Bwana, mama anataka kupumzika," Selina alisema. "Amekufa."

"Ndiyo, nimesoma. Kwa hiyo hana shamba la kupanda," Bwana alisema kwa upole. "Hapa kazi si nzito."

Magdalena alimtazama mwanawe, akatazama karatasi mlangoni, akafungua kitenge, akarudi kwenye kigoda. Maisha yake yote hakuwahi kwenda kinyume cha barua.

Ilipokaribia Pasaka, Selina aliomba siku mbili tu, akapalilie kaburi.

"La nani?" Bwana aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mama yako si yuko hapa?" Isitoshe, alisema, safari hii Selina atakwenda nao Arusha kumbeba mtoto, kwa kuwa Popi sasa ana mtu.

Landrova ilipotoka getini Selina aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, Popi kwapani, ametulia. Mkono wa pili ulikuwa umeshika barua, ameinyoosha mbele, endapo ataulizwa.