Karoti za Maji ya Dawa

Kilikuwa kitu kidogo tu: mbegu ya nyanya, imenata kwenye shingo ya karoti. Ikupa aliiona asubuhi akipanga karoti mezani, kwenye genge la shangazi yake Erica, hapo Chapwa. Shangazi hauzi nyanya. Ikupa alijua mbegu ile ilikotoka.

Yeye ni kibarua wa mabwawa ya majitaka, chini ya mtaa. Magari ya kunyonya vyoo humwaga kwenye bwawa la kwanza. Maji hutuama, huhamia la pili, kisha la tatu. Kwa reki ndefu Ikupa huopoa utando wa juu: mafuta, nywele, vitambaa, funza weupe wanene wanaofurukuta kama wali unaochemka. Na mbegu za nyanya, maelfu, maana tumbo la mtu halizisagi. Siku hizi kwake kumeza wali ni vita.

Bwawa la tatu halinuki sana. Siku ya kulifungua, msimamizi Abrahamu aliwatangazia watu: "Maji ya hapa yametibiwa." Alimaanisha yanafaa kumwagilia miti, basi, na vibarua wake aliwaeleza hivyo. Wengine hawakuuliza. Kwao anayetibiwa ni mgonjwa, na aliyetibiwa amepewa dawa. Kwa hiyo maji yana dawa! Shangazi akaanza kuoshea karoti zake huko, gunia baada ya gunia, zing'ae.

Ikupa aliwahi kujaribu. "Shangazi, yale maji si masafi sana."

"Wewe uliyeishia darasa la nne ndiye wa kumfundisha msimamizi?" Shangazi alicheka hadi akajifuta macho. "Yametibiwa! Tena ungeyaoga, labda hizo aibu zingekutoka."

Ikupa akachukua reki yake, akaenda kazini. Alikuwa anakula na kulala kwa shangazi. Na neno lenyewe, lile la kweli, halijawahi kupita kinywani mwake. Nyumbani kwao Ileje binti husema "haja" na kutazama chini.

Saa tatu akaja Mwanaasha, jirani muuza vitenge, mwanawe Ikram mgongoni. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, midomo imekauka.

"Bado anaharisha?" shangazi akauliza.

"Leo siku ya tano, dada Erica. Uji anautema. Karoti zako tu ndizo anazokubali kutafuna."

"Mpe, mpe! Zangu zina dawa mbili, ya shambani na ya bwawani."

Wakacheka. Shangazi akachagua iliyong'aa kuliko zote, akamshikisha mtoto. Ikram akaanza kuinyonya. Udenda ukatiririka juu ya ile rangi nzuri, ukarudi mdomoni. Ikupa aliona utando, aliona funza. Mkono wake ukaikwapua karoti kabla hajafikiri. Mtoto akaangua kilio.

"Umepagawa?" shangazi akafoka. "Mrudishie mwenzio karoti yake!"

Wateja wakageuka. Uso wa Ikupa uliwaka moto, lakini safari hii hakutazama chini.

"Mama Ikram, usimpe," alisema. "Na wewe shangazi, yale si maji ya dawa. Ni mavi. Mtoto tunamlisha mavi."