Kila Baada ya Miezi Sita

Mimi mtu akinifundisha kazi yangu nachukia. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilikuwa mtu mpole aliyepatwa na bahati mbaya. Bahati mbaya haikuwepo. Nilikuwepo mimi na ujuaji wangu.

Nimetengeneza kompyuta kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo nilikuwa na amri moja: kila baada ya miezi sita kompyuta ifutwe yote, iwekewe Windows upya, ianze maisha. Iwe nzito au nyepesi, iwe na virusi au haina, mimi sijali, tarehe ikifika imefika. Mteja aliyechelewa nilimpigia simu nikamgombeza kama mama aliyekosa kumpeleka mtoto kliniki. Ndiyo maana mtaani wakaniita Bwana Sabuni, na jina lenyewe nililipenda.

Aliyekuwa hakubaliani nami ni Mama Waya. Tunagawana chumba kimoja cha kazi, mimi ndani na kompyuta zangu, yeye dirishani na simu na redio zake.

"Kompyuta haifutwi kwa kalenda," aliniambia si mara moja. "Inafutwa ikiugua, na hata ikiugua unajaribu dawa kwanza. Wewe mtu mzima wa afya unampasua tumbo eti kwa sababu mwezi umefika!"

"Na nguo zako je, unasubiri zinuke ndipo uzifue?"

"Nguo hazitunzi barua za watu."

Nilimwambia aendelee na waya zake, mambo ya wakubwa aniachie mimi. Loo! Na kumbe alikuwa amesema kweli tupu. Zamani, kompyuta zilipokuwa dhaifu, kufuta kila mara kulisaidia kidogo. Hizi za siku hizi mtu anaweza kukaa nayo miaka hata mitano bila kuifuta, akawa anaondoa tu programu asizozitaka. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimeshazoea kuonekana najua kuliko wote, na mazoea yana tabu.

Sasa, dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa na mwaka mmoja na nusu, dada akiwa na miaka kumi na sita, na tangu siku ile mgongo wake ndio uliokuwa kitanda changu. Alisomea ukunga mimi nikiwa nalala chini ya meza aliyosomea. Amezalisha wanawake miaka thelathini na minne, akastaafu, na mpaka leo akinikuta sijachana nywele ananisema mbele za watu, mimi mzee wa miaka hamsini na miwili.

Hakuninyima kitu isipokuwa kimoja: habari za mama. Picha yake hatuna hata moja. Sijui sura yake, sijui alikuwa mrefu au mfupi, sijui alicheka vipi. Utotoni nilikuwa nikiuliza, dada anageuka ukutani, mabega yanatikisika. Nikakua nikaacha kuuliza kwa mdomo. Moyoni sikuacha hata siku moja.

Alipostaafu nilimpelekea kompyuta, nikaiweka sebuleni kwenye meza ndogo karibu na kabati la vyombo. Akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Nami kila miezi sita niko mlangoni na begi langu. Na nikifika sifuti tu, napekua. "Dada, hii barua ya nani? Hii picha umeiweka mara tatu ya nini? Mbona kioo chako kimejaa kama soko?" Namsogezea mafaili yake, nayapa majina ninayotaka mimi, kisha nakula, naaga. Yeye alikuwa akinitazama tu, mikono kiunoni.

Mwaka huu, siku chache kabla ya tarehe yake, alinipigia simu.

"Safari hii usije, mdogo wangu. Kompyuta nzima."

"Tarehe imefika, dada."

"Tarehe kaa nayo huko huko kwako. Nikisema iache, iache. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia kwa masikio. Jumamosi asubuhi nikaenda.

Aliyenifungulia ni mpwa wangu, binti yake wa mwisho anayeishi naye, mikono ina povu la vyombo. Akaniambia mama yake amekwenda hospitali, ana miadi na daktari. Sikuuliza daktari wa nini. Nikavua viatu, nikaelekea kwenye meza.

"Mjomba, mama kasema isiguswe."

"Mama yako kazi yake ilikuwa kuzalisha watoto. Kompyuta amwachie fundi. Nipishe."

Akanipisha. Angefanyaje, mtoto wa watu? Mjomba ni mjomba.

Nikaiwasha. Ikawaka upesi, haina hata kikohozi. Mtu mwenye akili angeizima hapo hapo akaomba chai. Mimi nikaanza kwa taka, kama kawaida yangu, maana nani anahama nyumba na takataka zake? Pipa la taka lilikuwa na faili moja tu. Sikulisoma jina lake. Mimi niliyezoea kupekua kila kitu, siku ile sikulisoma! Nikabonyeza, pipa likawa jeupe. Kisha nikanakili kwenye diski yangu picha zote, barua zote, orodha za kikundi chao cha wakunga wastaafu, sikuacha kitu. Nikafuta kompyuta kwa ile njia ndefu, inayopita kila mahali na kusugua mpaka hata fundi mwenyewe hawezi kurudisha. Watu wengi hawaitumii, ni ya wanaotaka siri zao zife. Mimi niliitumia kwa kila mteja, kwa maringo. Saa sita mchana nilikuwa nimemaliza, nimerudisha vitu vyake mahali pake, nimemwachia na picha ya maua kwenye kioo. Nikaondoka najisifu.

Alinipigia kesho yake asubuhi. Hakusalimia, na dada ni mtu wa salamu.

"Uliyatoa yaliyokuwa kwenye taka?"

"Takataka nimetupa, dada. Kila kitu chako kingine kipo."

Nilisikia kiti kikivutwa.

"Yarudishe," akasema.

"Kwani kulikuwa na nini?"

"Njoo."

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, haijazimwa, ile picha ya maua inamtazama. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mzazi matokeo mabaya. Miezi mitano iliyopita daktari alimwambia kichwa chake kimeanza kusahau, na kusahau huku hakurudi nyuma, kunakwenda mbele tu. Alimwomba binti yake asiniambie. Jioni ile ile alikaa kwenye meza hii akaanza kuandika habari za mama, kwa ajili yangu, kabla hazijampotea. Kuzisema alikuwa hawezi. Kwa vidole aliweza. Alikuwa amefika kurasa sitini na tatu.

"Sasa dada, kwa nini takani? Jamani, kwa nini takani?"

"Kwa sababu yako!" Akanigeukia. "Wewe kila ukija unafungua hiki, unafungua kile. Nilitaka usizione mpaka nizimalize. Nikasema, huyu na usafi wake, takani hawezi kutia mkono. Kila asubuhi nalitoa lile faili, naandika, nikimaliza nalirudisha. Lilikuwa linakaa vizuri tu. Nilikwambia usije. Sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa zirudishe. Si wewe fundi?"

Niliichukua ile kompyuta nikaipeleka kazini, nikaishughulikia siku nne. Nilijua tangu mwanzo kwamba hakuna kitu. Nilijaribu programu zote za kufufua, nikaazima na nyingine kwa mafundi ambao nimewatukana miaka nenda miaka rudi. Zote zilileta jibu moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilivunja la mwenzangu pia. Siku ya nne Mama Waya aliacha kazi yake akaja kukaa karibu nami. Nilisubiri aseme "nilikwambia". Angesema, ningepata pa kutolea hasira. Hakusema. Aliniwekea kikombe cha chai, akakaa mpaka ikapoa. Nililia pale kazini, mchana, mteja akiwa mlangoni, na sikuona haya.

Nikarudi kwa dada na daftari jipya na kalamu. Nilimwambia sasa tutaandika pamoja, yeye aseme hata neno moja moja, mimi niandike. Akakubali. Alijitahidi, Mungu anamwona. Akasema mama alikuwa mrefu. Akasema alipenda kukaa mlangoni akichambua mboga. Kisha akasimama kidogo, akasema hapana, aliyekaa mlangoni labda ni bibi. Akasema mama hakuwahi kuniita kwa jina langu hili.

"Aliniitaje?"

"Alikuwa na jina lake mwenyewe la kukuita. Ukilisikia tu unaacha kulia, unamkimbilia kwa kutambaa. Wengine tukikuita hivyo hugeuki, mpaka aite yeye."

"Jina gani, dada?"

Akafungua mdomo. Nikamwona anatafuta, macho yanazunguka chumbani, kwenye kabati, kwenye pazia, kwenye uso wangu. Alianza herufi moja akaiacha, akajaribu nyingine.

"Nililiandika," akasema. "Lilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Nililiandika ili likinitoka liwepo."

Nikafunga daftari. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, na dada akanishika kichwa akaniambia basi, inatosha, mwanaume mzima unachafua suruali sakafuni. Alinisamehe siku ile. Mimi ndiye sijamaliza.

Ile amri ya miezi sita nimeiacha. Wateja wakija nawauliza kwanza: inakusumbua nini? Kama haisumbui, nawarudisha nayo nyumbani. Na anayetaka ifutwe lazima akae kwenye kiti pembeni yangu, nimfungulie pipa la taka, anisomee jina la kila kitu kwa mdomo wake. Wengine wanacheka, wengine wanaudhika, wanasema Bwana Sabuni amezeeka. Wacha waseme. Yote hayo hayamrudishii dada hata mstari mmoja.

Sasa nakwenda kwake kila Jumamosi, bila begi. Kompyuta nimeirudisha pale pale mezani, imefunikwa kitambaa. Haigusi tena, vidole vimesahau njia. Jumamosi moja, miezi mitatu baada ya yale, nilimkuta amechangamka, akanivuta mkono akanikalisha.

"Mdogo wangu, nina siri yako. Nimekuandikia habari za mama. Nyingi! Ziko kwenye kompyuta, nimezificha mahali huwezi kujua. Nikimaliza nitakupa."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, dada, nilizifuta mimi. Akanitazama kama ndiyo kwanza anasikia, na kwake ilikuwa ndiyo kwanza. Akalia kama mtu aliyefiwa siku hiyo hiyo. Jumamosi iliyofuata akanivuta mkono tena, kwa furaha ile ile, akaniambia ana siri yangu. Nikamwambia ukweli tena. Akalia tena, upya kabisa. Mpwa wangu alikuwa mlangoni, akanifuata mpaka nje akaniambia, "Mjomba, nakuomba. Unamfisha mama yangu kila wiki."

Juzi Jumamosi dada alinivuta mkono, akaniambia ameniandikia habari za mama, na kwamba ameanza na jina ambalo mama alikuwa akiniita.

"Asante, dada," nikamwambia.

"Lakini subiri nimalize kwanza. Na wewe na usafi wako, usije ukanifutia."

"Sifuti, dada. Nasubiri."

Akanipigapiga mkononi, ameridhika, akaniuliza mbona sijachana nywele.