Ombi la Tatu

Vibanio viwili vya sanduku vililia, tak, kisha tak, na Eshrat akavifunika kwa kiganja kana kwamba kuna mtu angeamka. Hapakuwa na wa kuamka. Miaka tisa sasa nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja na saa ya ukutani. Hata hivyo alitega sikio gizani, kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe, kisha akalisukuma sanduku ndani ya stoo ya matandiko, nyuma ya magodoro ya wageni, akashusha pazia.

Ndani alikuwa ametia nguo nne, zulia dogo la kusalia, picha ya marehemu mumewe, dawa za presha, na soksi za sufu alizomfumia mkwe wake Parastu tangu majira ya baridi. Si mengi. Mtu anayehamia kwa mwanawe haendi na vyungu.

Mwanawe wa pekee, Behnam, alikuwa amepiga simu Jumanne kutoka Tehran. "Mama, Ijumaa mimi na Parastu tunakuja kula kwako," alisema, "na tuna neno la kusema nawe." Eshrat hakuuliza ni neno gani. Mjukuu wake Rojin alikuwa amekwenda chuo huko Shiraz, na chumba chake chenye dirisha la upande wa mawio kilikuwa kitupu. Mtu mzima haelezwi mara mbili.

Naye alikuwa akilingojea neno hilo kama ardhi kavu inavyongojea zamu yake ya maji ya mfereji. Baridi iliyopita aliteleza kwenye barafu ya uani, akalala pale chini tangu adhana ya adhuhuri hadi jirani yake Mehrangiz alipokuja kuomba mtindi kidogo wa kugandishia maziwa. Mgongo ulipona. Kisichopona ni yale masaa: kuitazama mbingu, kusikia mlango wa kila nyumba ya kichochoro ukinyamaza. Nyumba nyingi za mji wao mdogo wa Qamsar siku hizi zina kufuli mpaka msimu wa waridi. Na Mehrangiz naye, majani yakianza kupukutika, angehamia kwa binti yake Yazd.

Waridi halimngoji mtu. Jua likilipiga tu, nusu ya harufu yake inakwenda zake. Ijumaa hiyo, kabla ya kupambazuka, wanawake hao wawili walikwisha kuwa shambani, vitambaa vimefungwa viunoni, wakichuma.

"Umejipaka hina," alisema Mehrangiz.

"Nyamaza."

"Umejipaka, nazinusa kucha toka huku. Bibi harusi wa miaka sabini na minne! Posa ni saa ngapi?"

"Wanakuja kula, Mehrangiz. Kula tu."

"Kula tu! Mtu haendeshi gari saa tatu nzima kwa ajili ya wali." Mehrangiz alitupa konzi la maua kitambaani. "Nisikilize, mwenzangu. Akikwambia twende, wewe sema twende."

"Mara ya kwanza tu? Kama ombaomba aliyebisha hodi?"

"Watoto wa Tehran masikio yao yamezibwa na honi. Usimzungushe."

"Na wewe ulimjibu shehe wako mara ya kwanza, siku ya ndoa?"

Mehrangiz alicheka mpaka akashika kiuno. Nani asiyejua? Bibi harusi huulizwa mara tatu. Ya kwanza wanawake humjibia: kaenda kuchuma maua. Ya pili: kaenda kuleta marashi ya waridi. Ya tatu ndipo mwenyewe afumbue kinywa aseme ndiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa chai, kwa chakula, kwa kiti cha mbele garini. Anayekubali haraka ana njaa, na anayetoa mara moja tu hakutoa. Eshrat mwenyewe alimfunza Behnam hivyo, zamani, akimtuma kwa majirani na bakuli la supu nzito ya tambi: wakikataa, sisitiza, wakikataa tena, sisitiza, mpaka ya tatu.

"Haya," alisema Mehrangiz akifuta machozi. "Lakini mimi nilijibu ya pili. Shehe alikuwa kiziwi, nikaogopa ataondoka."

Wageni walifika saa tano. Behnam alibusu mkono wa mamake, akaubusu tena. Alikuwa amenenepa kidogo, na chini ya macho alikuwa na weusi wa mtu asiyelala vizuri. Parastu aliweka sanduku la keki mezani, akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni kukunja mikono ya blauzi. Eshrat aliliona hilo akaliweka moyoni. Wako wakwe wanaokaa wakangoja kuhudumiwa.

Uani sufuria kubwa la shaba lililojaa waridi lilikuwa likichemka, kifuniko kimezibwa kwa donge la unga uliokandwa, na marashi yakidondoka tone kwa tone kwenye mtungi uliokaa ndani ya maji baridi. Walikula chumbani, wamekaa sakafuni kuzunguka kitambaa cha chakula. Eshrat alimpa Parastu kipande kikubwa cha ukoko wa wali, kile cha dhahabu cha katikati. Parastu alikivunja, akarudisha nusu kubwa kwenye sahani ya mama mkwe.

"Wewe ndiwe uliyekipika, mama."

"Mgeni ndiye mwenye ukoko, mwanangu."

"Basi leo mgeni ni wewe."

Wakacheka. Moyo wa Eshrat ulinyanyuka. Alijisemea: wameshapatana, hawa. Yamebaki maneno tu.

Chai ilipokuja, Behnam alishika kikombe chake cha kioo bila kunywa.

"Mama," alisema, "chumba cha Rojin kiko wazi. Tumefikiri, mimi na Parastu. Njoo ukae nasi."

Lilikuwa limefika. Eshrat alikunja mikono mapajani.

"Mungu akuweke, mwanangu. Mimi nije Tehran nifanye nini? Nitawabana bure."

"Hutatubana. Nyumba ni yako."

"Nyumba ni ya mwenyewe Parastu, Mungu ampe afya. Mzee ni kama mti, ukiung'oa unakauka."

Akainamisha macho kwenye sinia. Jibu la tatu alikuwa nalo tayari. Alilifanyia mazoezi siku tatu mbele ya kioo, asiwe mwepesi mno wala mzito mno. Basi, kama mmesisitiza hivi, sitaivunja mioyo yenu. Lilikuwa limekaa chini ya ulimi kama tembe. Alingoja.

Nje marashi yalidondoka. Yalidondoka tena.

Behnam alishusha pumzi. "Si nilikwambia?" alimwambia mkewe. "Nilikwambia mama hatang'oka hapa. Shamba lake, waridi lake, majirani zake." Akamgeukia mamake kwa tabasamu. "Na sisi hatukulazimishi, mama. Siku hizi watu wanasema neno la mzee liheshimiwe. Umesema, tumesikia."

"Behnam," alisema Parastu taratibu.

"Amesema mwenyewe. Hukusikia?"

Parastu alimtazama Eshrat. Ilikuwa nafasi pana kama mlango wa msikiti. Angesema tu: mwanangu, nakuja. Maneno mawili. Lakini ulimi uliokatazwa kuomba tangu utotoni haujifunzi mbele ya sinia la chai.

"Kunywa, mwanangu," alisema Eshrat. "Itapoa."

Behnam akabana bonge la sukari kwa meno ya mbele, akanywa. Alikunywa mara moja, mkupuo mmoja mrefu, mabega yakishuka. Eshrat aliutambua mkupuo ule. Laiti asingeutambua, angemsamehe papo hapo. Angesema ni mambo ya mjini, watoto wamesahau kuhesabu.

Lakini yeye mwenyewe aliwahi kunywa chai namna ile. Miaka arubaini na miwili iliyopita, yeye na mumewe walipanda hadi kijiji cha juu kumchukua mama mkwe, Bibi Khavar, aliyebaki peke yake baada ya mazishi ya mzee. Mume alitoka kufunga punda, na ombi likawa la Eshrat. "Njoo ukae nasi, mama." Bibi Khavar akakataa. "Njoo, mama, chumba kipo." Bibi Khavar akakataa, huku akikung'uta sketi isiyo na vumbi. Na Eshrat, kijana, mwenye nyumba ya vyumba viwili na mtoto kifuani, alihesabu. Alijua vizuri sana kwamba hiyo ni ya pili. Akasema, "Basi kama ndivyo upendavyo, mama," akachukua kikombe, akanywa, na chai ile ilikuwa tamu. Mumewe aliporudi, alimwambia mama hataki. Wala hakuwa amesema uongo. Bibi Khavar alifariki baridi iliyofuata, na waliomkuta walisema ua ulikuwa umefagiwa, kama wa mtu anayengoja wageni.

Miaka yote ile Eshrat alimwombea rehema kila Alhamisi, akadhani ni upendo.

"Nijinyooshe kidogo kabla ya safari," alisema Behnam. "Kuna mto?"

"Stoo, nyuma ya pazia," alijibu Eshrat, akili yake ikiwa bado kijiji cha juu. Alipokumbuka sanduku, Parastu alikwisha kuinuka.

Mto mmoja hauchukui muda kuutafuta. Parastu alikawia. Kisha pazia lilisikika likirudishwa polepole, pete zake moja moja, kama mtu anavyofunika uso wa aliyelala. Alirudi na mto, akauweka chini ya kichwa cha mumewe, na hakuinua macho.

Jikoni walisimama bega kwa bega mbele ya karo. Parastu aliosha, Eshrat akakausha. Mkwe alisugua sahani zilizokwisha takata.

"Mgongo bado unauma, mama?"

"Siku za baridi tu."

"Nitakutumia dawa ya kuchua. Nzuri sana. Mama yangu anaitumia." Mama yake Parastu, Eshrat alijua, aliishi ghorofa ya chini katika jengo lilelile la Tehran, miguu yake ikivimba, na Parastu alishuka ngazi kumwosha asubuhi na jioni. Mikono ile iliyokuwa ndani ya maji ilikuwa na nyufa za sabuni.

"Mama," alisema Parastu.

Eshrat aliacha kukausha.

Maji yalitiririka. Parastu alifunga bomba, akalifungua tena. "Asante, mkono wako usiumwe kwa ule ukoko," alisema. "Sijala mfano wake."

"Uwe wa afya mwilini mwako, mwanangu."

Je, aliponyamaza juu ya sanduku alikuwa akimfichia mzee aibu yake, au alikuwa akijiokoa na mzigo wa pili? Eshrat alimtazama ubavuni, akauona unywele mmoja mweupe juu ya sikio, na akaona kwamba huenda binti huyu mwenyewe hajui. Kuna wema unaofunga mlango taratibu, lakini mlango umefungwa vilevile. Alichukua taulo kavu, akamfuta mkwe wake mikono, kidole kwa kidole. Parastu alimwachia.

Saa kumi walitaka kuondoka kabla barabara ya Tehran haijajaa. Chupa sita za marashi zilifungwa kwa magazeti na kutiwa kwenye buti. Mehrangiz alitoka mlangoni pake, akavitazama viti vya nyuma vya gari, vitupu, kisha akamtazama mwenzake. Kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini hakuwa na utani. Alirudi ndani akaacha mlango wazi.

Eshrat alisimama na bakuli la maji yenye petali mbili, ya kumwaga nyuma ya gari ili wasafiri warudi salama.

"Tumekusumbua sana leo, mama," alisema Behnam akimbusu kichwani. "Tuwie radhi."

Ilikuwa zamu yake kujibu. Ni sisi tuliowachosha, hatukuwa na kitu cha kuwapa, mtusamehe. Maneno yalipanda hadi menoni, yamepigwa pasi, tayari. Akayaacha hapo hapo.

"Njooni tena," alisema.

"Juu ya macho yangu, mama, tutakuja."

"Lini?"

Behnam alicheka kama mtu aliyeulizwa bei ya zawadi. "Mungu akipenda, karibuni hivi. Nawe ututembelee. Nyumba ni yako, unajua."

Parastu hakucheka. Alikuwa amekwisha kuketi mbele, akichezea mkanda wa gari bila kuufunga.

Gari likanguruma. Eshrat hakumwaga maji. Aliliweka bakuli juu ya ukuta, akazunguka upande wa dereva huku ameshika ubavu wa gari, mkono kwa mkono, kama mtu avukaye mto, akagonga kioo kwa kucha. Kioo kikashuka nusu.

"Umesahau kitu, mama?"

Uso wa mwanawe ulikuwa karibu sana, mnene, mchovu, na nyuma ya tabasamu palikuwa na hofu ndogo ya mtu asiyetaka kuambiwa. Eshrat aliijua hofu ile. Aliionea huruma, lakini hakukiachia kioo.

"Sijasahau," alisema. "Behnam, njoo tena. Njoo kabla ya theluji. Mimi sisemi kwa adabu, mwanangu; nakuomba. Njoo unione."